Kidole Kisikwame

Gari lilikuja kwa vipande, juu ya lori, mwezi wa Oktoba,
na Hefin akalipokea kama mzee anayehesabu mahari:
fremu, bodi ya faibaglasi isiyo na rangi,
katoni kumi na moja za nati na bolti,
na taa mbili za nyuma, za duara, za trela,
zikitokeza matakoni mwa gari kama majipu.

"Hizi," alisema, "sizifungi hivi."
Nikajua kipupwe chetu kimeshapangiwa kazi.

Hapa Tregaron mvua hainyeshi, inahamia.
Inaleta na godoro lake.
Banda la bati lina hita moja na redio isiyoshika stesheni,
na humo mume wangu, fundi bomba mstaafu,
alipiga magoti nyuma ya gari wiki tisa
kana kwamba analitubia dhambi zake.

Kwanza penseli. Kisha mkanda wa karatasi. Kisha msumeno,
na tundu likatoka kubwa kwa unene wa ukucha.
Hakutukana. Alitoka, akasimama mvuani,
akarudi, akachanganya rezini, akaziba,
akangoja ikauke, akakata tena.

Akafinyanga udongo kufuata mbinuko wa bodi,
akaupaka nta, akautolea kalibu,
na juu ya kalibu akataka kulaza plastiki nyekundu
iliyolainishwa kwa moto.
Moto upi? Wa oveni yangu.
Kioo cha kwanza kilifura malengelenge.
Cha pili kilinywea kama uso wa mtoto anayekaribia kulia.
Cha tatu sikisemi. Jumapili ile nyama ya kondoo
ilinuka kiwanda, na dada yangu Eluned alikula viazi tu.
Cha nne kilikaa.

Ndipo msasa: wa mia nne, wa elfu moja,
wa elfu mbili na maji,
hadi vidole vyake vikafutika alama.
Aliniita, chai ingali mkononi mwangu.
"Fumba macho, Menna. Pitisha kidole."
Nikapitisha.
"Taa inaanzia wapi?"
Nikasema sijui.
Nilijua. Palikuwa na uvuguvugu,
maana alikuwa ameziwasha.
Lakini kidole hakikukwama.

Nyani haoni kundule,
na aliyeshika usukani haoni breki yake ikiwaka.
Basi nikawa macho yake, kwenye kokoto, koti limelowa,
nikipaza sauti hadi majirani wakafungua mapazia:
"Kushoto! Kulia! Breki!
Breki tena! Ya ukungu imelala!"
Miaka thelathini na minane ya ndoa
na kazi yangu ni hiyohiyo,
kumwambia mtu yaliyo mgongoni kwake.

Mkaguzi alikuwa kijana mwenye mafua.
Alizungusha kigololi chake ukingoni, akapima pembe,
akatafuta mhuri kwenye balbu, akaupata,
akaandika kitu, hakusifu.
"Vioo hivi vimetoka kiwanda gani?"
Hefin akanitazama.
"Cha mke wangu," alisema.

Aprili, siku ya kwanza kavu, akanirushia funguo.
"Endesha wewe."
"Mimi? Gari lako?"
"Nami nitazionaje?"

Nikashuka barabara ya mtoni, mikono imekakamaa,
kiti kiko chini mno, naona magugu usawa wa sikio.
Kwenye kioo, gari lake la zamani la mabomba
likinifuata polepole, ngazi ikigonga juu ya paa,
halikaribii, halibaki,
na nyuma ya wipa uso mmoja umeinama mbele
karibu uguse kioo.

Darajani hapakuwa na gari, wala kondoo.
Nikakanyaga breki.